Koo la Mzee Isaka

Yowe lilitangulia. Kabla ya vumbi, kabla ya mbwa kubweka, kabla ya watu kuchomoka mashambani na mapanga mikononi, lilikuja yowe peke yake, refu, likapita juu ya alizeti na kuangukia kwenye vibanda vya senta: "Uuuuwi! Uuuuwi! Ng'ombeee!"

Dorika aliinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua mezani. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Hakuna aliyehitaji. Ile ilikuwa sauti ya Hezekia, na katika kitongoji kizima hapakuwa na mwanaume mwingine mwenye koo kama lile.

"Wameingia kwa Hezekia!" kinyozi alipayuka, akamwacha mteja wake na kichwa nusu kipara nusu kichaka. Mama wa maandazi alifunika karai, akajifunga kanga kiunoni. Wanaume walitoka kwenye mitama, wanawake wakatoka kisimani, na wote wakashika njia ya magharibi kuelekea boma la Hezekia.

Dorika alikimbia mashariki.

Alikimbia peke yake, akipigana vikumbo na watu njiani, maana alijua jambo wasilolijua. Sauti ilikuwa ya Hezekia, ndiyo. Lakini koo lililoitoa lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya paa la baba yake.

"Siyo huko!" alipiga kelele. "Rudini! Ni kwetu!"

"Wewe Dorika, umechanganyikiwa? Husikii ni Hezekia?"

"Ni mashine! Ni kwetu, jamani!"

Nani amsikilize? Kitongoji chao, nje kidogo ya Kinyangiri, kimezungukwa na miamba, na yowe likigonga miamba hurudi kutoka pande zote kwa pamoja. Kwa hiyo watu wa pale hawafuati yowe linakotoka. Hufuata yowe ni la nani. Mtoto hajajua bado kuhesabu mbuzi, anajua sauti ya kila mwenye boma, na akiisikia, miguu yake inajua njia. Dorika naye alikua hivyohivyo. Ila siku zote alizokuwa akiiunda ile mashine, hilo halikumjia kichwani hata mara moja, kama mtu asivyokumbuka kwamba ana meno mpaka yamuume.

Alimkuta baba yake, Mzee Isaka, ameketi chini katikati ya zizi, kamba ameizungusha mkononi mpaka ngozi imechunika. Upande wa pili wa kamba alisimama Karani, maksai mwekundu, akihema kwa nguvu. Mwenzake wa nira, Bendera, hakuwepo. Fito za lango zilikuwa zimeng'olewa. Na juu ya paa honi ilikuwa bado inalia kwa sauti ya Hezekia, "Ng'ombeee! Ng'ombeee!" bila kuchoka na bila aibu.

Dorika alichomoa waya. Ukimya uliofuata ulimuuma kuliko kelele.

"Wezi wawili," baba yake alisema kwa mnong'ono wake, ule wa hewa tupu, unaofanana na upepo kwenye mabua. "Wamemswaga Bendera. Huyu nimewakatalia." Akatazama njia nyeupe iliyokuwa haina mtu. "Watu wako wapi?"

Dorika aliinama kuokota fito za lango.

Watu walikuja baadaye, wakati nyayo za Bendera zimekwisha kuingia kwenye mawe na kupotea. Walikuwa wamefika kwa Hezekia na mishale na marungu, wakaangusha bafu lake la mabua ya mtama wakidhani mwizi kajificha humo, wakamkuta Hezekia mwenyewe, kama alivyozaliwa, povu kichwani, anauliza kuna msiba gani. Sasa alikuja mbele yao wote, kaptula kaivaa nyuma mbele, povu limemkaukia masikioni.

"Nani?" aliuliza. Hakuwa na haja ya kupaza sauti. Yake ya kawaida tu ilitosha kufukuza kuku. "Nani kanipigia yowe nikiwa naoga?"

"Mimi nilimwambia aoge jana," mkewe, Yunisi, alisema nyuma yake. "Hakusikia. Leo kitongoji kizima kimekuja kumsugua mgongo."

Watu walicheka. Hezekia hakucheka. Alikuwa ameiona honi juu ya paa, akafuata waya kwa macho, ukutani, dirishani, mpaka kwenye kidude chekundu kilichokuwa mkononi mwa Dorika.

"Shikamoo, baba mdogo," Dorika alisema.

"Marahaba. Nipe hiyo."

"Siwezi kukupa. Ni ya baba."

"Redio ni ya baba yako. Sauti ni ya nani?"

Dorika alikificha kidude nyuma ya mgongo.

"Umeniibia koo, mtoto wewe!" Hezekia aliwageukia watu. "Mmeona? Siku hizi hawaibi kuku. Wanaiba koo la mtu, wanalitia kwenye redio!"

Kidude chenyewe kilikuwa redio ya memori, zile ndogo za plastiki zinazouzwa chini kwenye turubai siku ya mnada, zenye tochi upande mmoja na tundu la memori kadi upande wa pili. Wachunga ng'ombe huzining'iniza shingoni, wakashinda nazo porini zikiimba mpaka betri ikate roho. Dorika aliichukua moja iliyokuwa imepasuka spika. Alikuwa amejifunza ufundi kwa kubomoa: alibomoa redio ya marehemu mama yake, akabomoa saa ya ukutani, akabomoa simu za watu na kuzirudisha zikiwa nzima, mpaka watu wa senta wakaacha kumcheka na kuanza kumpangia foleni.

Na sababu ya kuichukua ile redio ilikuwa moja. Baba yake alikwenda hospitali na uvimbe kooni, akarudi bila uvimbe na bila sauti. Alibaki na mnong'ono. Na kwao mwenye boma asiye na yowe ni kama boma lisilo na lango. Simu? Mtu anayepalilia mtama atasoma saa ngapi ujumbe? Mara ya kwanza wezi walipomjia, wakati wa mavuno, Mzee Isaka alipiga sufuria kwa mwiko mpaka sufuria ikabonyea. Majirani walimsikia vizuri sana. Walidhani anafukuza kwelea kwelea kwenye uwele, wakamsifu kwa bidii. Siku ile aliondokewa na ndama.

Ndipo Dorika akaing'oa spika iliyopasuka, akaunganisha honi aliyobadilishana na muuza dawa ya panya wa mnadani, akaongeza betri ya pikipiki, akatoa kitufe cha kuwashia na kukivuta kwa waya mpaka kando ya kitanda cha baba yake. Ilibaki sauti ya kuweka kwenye kadi. Simuni mwake alikuwa na yowe moja safi, alilolinasa siku fisi walipoingia kwenye ng'ombe wa Hezekia. Alilichagua kama mtu anavyochagua mbegu: iliyo kubwa, isiyo na tundu. Hakumwomba mwenyewe. Aliona mtu akishairusha sauti hewani, imekwenda.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Paschal, aliwatuliza watu siku ile kwa kuahidi kikao. "Jumamosi asubuhi, mashine ya kusaga. Na hiyo honi isilie tena mpaka tusikilizane. Umenisikia, Dorika?"

"Nimesikia, mzee."

"Umekubali?"

"Nimesikia, mzee."

Jioni ile, jua bado liko juu ya miamba, Hezekia alikuja tena, safari hii kaptula ikiwa imevaliwa inavyotakiwa. Alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Yeye na Mzee Isaka walichunga pamoja utotoni, wakapigana, wakaoa mwaka mmoja. Alikaa kwenye kigoda, wakazungumza Kinyiramba, polepole, mambo ya nyayo na ya malisho. Kisha Hezekia akakohoa.

"Isaka, mimi nina hasira na binti yako, sina hasira na wewe. Nimefikiri. Jumamosi nitasema boma lako liwe chini ya sauti yangu. Ukipata jambo, unamtuma mtu kwangu, mimi nakupigia yowe. Kama tunavyofanya kwa yatima wa marehemu Sixbert."

Dorika aliyekuwa akimkamua mbuzi aliacha kukamua.

Mzee Isaka alimwashiria rafiki yake asogee, maana mnong'ono wake haukuvuka kigoda kimoja kwenda kingine. Hezekia akainama.

"Mimi ni yatima?"

"Sikusema hivyo."

"Sixbert amekufa. Mimi nimekufa?"

"Isaka, nakusaidia."

"Chukua maziwa yako."

Hezekia alisimama. "Utayanywa tu," alisema, akakiacha kibuyu pale pale. "Na Jumamosi utakubali. Huna njia. Mtu hapigi yowe kwa kunong'ona."

Alipokwisha kwenda, Dorika alikishika kibuyu akataka kumwaga. Baba yake akamkataza kwa mkono. Maziwa hayakuwa na kosa. Wakayanywa, na kila mmoja alimeza kama anayemeza jiwe.

Kesho yake Dorika hakufungua kibanda. Alipekua kila simu, kila kadi, kila kanda iliyokuwa kwenye sanduku la mama yake, akitafuta sauti ya zamani ya baba. Alipata kwaya. Alipata harusi ya binamu, na katikati ya ngoma mtu akisema "sogeeni," ambaye huenda alikuwa baba yake na huenda alikuwa mpiga picha. Akatupa kanda chini.

"Baba, sauti yako imepotea. Sina pa kuitoa."

Mzee Isaka alikuwa ameketi mlangoni akiipaka kamba mafuta kwa mkono mzima, ule mwingine umefungwa kitambaa. Alinyanyuka, akaja, akaiokota ile honi sakafuni, akaiweka mdomoni upande usio wake, ule mpana, uso wote ukazama ndani.

"Yangu ndiyo hii," akasema.

Hakusikika vizuri. Dorika akacheka kwa sababu alifanana na ndama aliyeingiza kichwa kwenye ndoo.

"Hii gani, baba?"

"Hii unayoisikia. Mbona unatafuta ya zamani? Ile ilikatwa, ikatupwa hospitali. Nimebaki na hii. Ipandishe juu."

Dorika aliacha kucheka. Muda wote huo alikuwa ameuona ule mnong'ono kama ugonjwa wa kuuficha. Aliufunika kwa koo la jirani, kama mtu anavyofunika tobo la suruali kwa kiraka cha kitambaa cha mwenzake. Haikumpitikia kamwe kwamba mnong'ono nao ni sauti, kwamba una mwenyewe.

"Keti, baba," alisema. "Keti hapa. Sema chochote."

Alifungua simu mfu akatoa maiki yake, kitu kidogo kama punje ya ulezi. Tatizo la kwanza lilikuwa yule mwanamke. Redio za namna ile, ukiziwasha, mwanamke wa ndani husema maneno ya Kiingereza kwa furaha kubwa kabla ya chochote kutoka. Dorika alimwazia mwizi anavunja lango, na mwanamke yule anamkaribisha. "Wewe, dada, safari yako imeishia hapa," alisema, akachoma chuma chake cha kuunganishia mpaka kikawa chekundu, akakata njia zote zinazotoka kwenye ubongo wa redio. Kadi, nyimbo, yule dada, vyote vikabaki upande ule. Upande huu akabakiza amplifaya peke yake, kile kinachokuza sauti, ule moyo mweusi mdogo wenye miguu minane, na mguuni pake akaifunga ile punje ya ulezi.

Akawasha. Kikatoka kilio cha ajabu, chembamba, kikali, kilichomfanya Karani apige teke ukuta na mbuzi waruke uzio. Sauti ilitoka kwenye honi, ikaingia kwenye maiki, ikatoka tena, ikajila mkia. Dorika akazima. Akaurefusha waya. Akaisogeza honi nyuma ya nyumba. Bado. Akaigeuza itazame miamba. Afadhali. Akaitia maiki ndani ya kifuniko cha soda, akaifunga kwa kipande cha kanga ili pumzi isiipige moja kwa moja. Alifanya na kufumua mchana kutwa, na kila alipokosea baba yake alinong'ona, "Tena," na hilo neno lilikuja kila mara kubwa zaidi kidogo, mpaka mara moja lilipotoka ukubwa wa mlango, "TENA," na wote wawili wakashtuka.

Ilikuwa sauti mbaya. Ilikuwa kama gunia la changarawe linaloburutwa juu ya bati. Lakini pumzi zake zilikuwa za Mzee Isaka, na namna ya kuvuta neno mwishoni ilikuwa ya Mzee Isaka, na ile tabia yake ya kunyamaza kidogo kabla ya kusema jambo zito nayo ilikuwemo.

Baba yake alishika kifuniko cha soda kwa vidole viwili, akakitazama muda mrefu.

"Mama yako angecheka," alisema, na nyuma ya nyumba honi ikayarudia maneno yale kwa miamba.

Jumamosi mashine ya kusaga ilizimwa, watu wakakaa kwenye magunia na kwenye mawe. Dorika alifika na baba yake, honi begani, redio na betri kwenye kikapu. Minong'ono ikapita. Mzee Paschal alikunja uso.

"Nilisema isilie."

"Ulisema isilie mpaka tusikilizane, mzee. Leo tumekuja kusikilizana."

"Una mdomo, binti."

"Ninao, mzee. Mwenye shida ya mdomo ni baba, ndiyo maana tuko hapa."

Hezekia alisimama kabla hajaitwa. Alieleza yote: bafu, povu, mishale, aibu ya kusimama mbele ya wakwe zake bila kitu. Watu walijitahidi kutocheka, wakashindwa. Kisha akafika kwenye hoja yake, na hapo hakuna aliyecheka.

"Yowe ni koo la mwenye boma. Leo tukikubali redio ipige, kesho kila mtu ataweka redio, na wezi nao wataweka. Tutakimbizwa kama kondoo. Isaka ni ndugu yangu, lakini yowe hana. Aje chini ya sauti yangu. Na hiyo redio ivunjwe hapa hapa tuione."

"Sawa kabisa," wengine walisema. Na wengine wakasema hapana, na kikao kikawa kama kisima chenye ndoo nyingi.

Dorika alisogea mbele. Alitoa mfukoni memori kadi, ndogo kama ukucha, akamwekea Hezekia kiganjani.

"Koo lako hilo, baba mdogo. Nilichukua bila kuomba. Nakurudishia lote, na simuni nimelifuta."

Hezekia aliitazama kadi, hakujua aifanyeje, akaitia mfuko wa shati.

"Vizuri. Sasa leta redio tuvunje."

"Sileti."

"Dorika," Mzee Paschal alionya.

"Sileti, mzee. Mnisamehe. Mnataka kumweka baba yangu chini ya sauti ya mtu mwingine, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza anasemaje. Kwa nini? Kwa sababu hamsikii. Tangu atoke hospitali mnamsalimia mkiwa mnapita. Hamsubiri jibu. Mimi nimewaona! Anajibu, ninyi mmeshafika kwenye kona." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Leo mtasubiri. Mkishamsikia, mkitaka vunjeni redio, vunjeni na meza yangu ya kazi, chomeni na kibanda. Lakini kwanza mtasubiri."

Hakungoja ruhusa. Aliisimamisha honi juu ya gunia la pumba, akaigeuza itazame watu, akavuta waya mpaka alipoketi baba yake, akampa kifuniko cha soda. Akawasha.

Kile kilio chembamba kilitoka, kikali, na kuku wa mwenye mashine wakatawanyika, na mtoto mmoja akalia.

"Ndiyo hilo yowe?" Hezekia aliuliza. "Panya wamekufa wote sasa!"

Kikao kikaangua kicheko. Dorika aliigeuza honi kidogo. Kilio kikakatika. Na ndani ya kicheko kile, kabla hakijaisha, sauti nyingine ikatoka, nzito, ya changarawe.

"Hamjambo."

Kicheko kikafa.

"Nasema hamjambo. Nasubiri."

"Hatujambo," watu wakajibu, wachache kwanza, kisha wote, na wazee wawili wakavua kofia bila kujua wanavua kwa nini.

Mzee Isaka alikuwa amesimama. Alikishika kifuniko cha soda karibu na midomo, mkono wake wenye kitambaa ukining'inia.

"Nimemkosa Bendera," honi ilisema. "Mlimjua. Amelima mashamba ya nusu ya watu waliokaa hapa." Akanyamaza kidogo, kwa namna yake. "Bendera nitamtafuta. Nikimkosa nitatafuta ndama nimfundishe nira. Kwa hilo siwaombi kitu. Ila nimesikia nawekwa chini ya mtu. Yatima anawekwa chini ya mtu kwa sababu mwenye boma amelala kaburini. Mimi nililala zizini, na kamba mkononi, na nusu ya ng'ombe wangu wamebaki. Nani aliwabakiza? Hezekia alikuwa anaoga."

"Isaka!" Hezekia alipiga kelele.

"Nilikuwa sijamaliza. Zamani ulikuwa unanikatiza kwa sababu una sauti kubwa. Leo tunalingana."

Yunisi alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamcheza.

"Hiyo siyo sauti yako," Hezekia alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na hasira, lakini kulikuwa na kitu kingine pia, kama mtu aliyemwona ndugu yake kwenye mavazi ya kigeni. "Hatuijui sauti hiyo. Yowe lazima lijulikane. Ndiyo sheria, na sababu yake tumeiona wiki hii."

"Sauti yangu ya kwanza mliijuaje? Mlizaliwa nayo? Mliisikia, mkaizoea. Basi isikieni na hii."

Akavuta pumzi. Kila mtu aliisikia ile pumzi ikiingia, ndefu, kwenye honi. Kisha Mzee Isaka akapiga yowe lake.

Halikuwa yowe la Hezekia. Halikupanda. Lilitambaa, likakwaruza, likagonga miamba na kurudi kutoka kila upande, baya, zito, halina mfano. Mbwa hawakubweka, walinyanyua masikio. Mteja wa kinyozi, ambaye sasa alikuwa amenyolewa kichwa kizima, alijikuta amesimama na jiwe mkononi, akalitazama, akaliacha lianguke.

Mzee Paschal alijikuna ndevu.

"Basi," alisema hatimaye. "Sitaki maneno mengi. Atakayesikia yowe hili na kujua ni la Isaka, na miguu yake ikajua njia ya kwa Isaka, asimame."

Wa kwanza kusimama alikuwa Yunisi.

"Wewe!" Hezekia alimtolea macho. "Unasimama?"

"Nimesikia. Nikisikia nisijifanye kiziwi kwa sababu nimeolewa?"

Mama wa maandazi alisimama. Kinyozi akasimama. Wakasimama kwa makundi, wengine wakicheka, wengine wakilaani magoti, mpaka waliobaki wamekaa wakawa wachache, na katikati yao Hezekia, mikono kifuani, kidevu juu.

"Imekwisha," alisema Mzee Paschal. "Yowe la Isaka ni la Isaka. Lipigwe kwa honi, lipigwe kwa pua, ni lake. Boma lake haliko chini ya mtu. Na akilipiga bure, atatengwa kama mtu mwingine yeyote."

"Ndiyo haki," ilijibu honi.

Watu walianza kukung'uta pumba kwenye nguo. Dorika alitaka kupiga kigelegele, lakini Hezekia alikuwa amenyanyuka, na sauti yake ikafunika kikao kizima.

"Nyinyi nendeni. Kikao kimeamua, sipingi. Lakini mimi Hezekia sikimbilii honi ya dawa ya panya. Isaka, siku utakapopiga kwa hicho kidude, usinihesabu. Sitakuja!"

Kukataa yowe la jirani mbele ya watu ni neno zito, na Yunisi mwenyewe aliacha kutabasamu. Mzee Paschal alifungua mdomo kumkemea.

Mzee Isaka alimzuia kwa kiganja. Aliuvuta waya nyuma yake, akawapita waliosimama, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia Hezekia karibu kiasi cha kugusana vifua. Kwa umbali ule mnong'ono wenyewe ungetosha. Hakuutaka utoshe. Alikileta kifuniko cha soda mdomoni ili kila aliyekuwepo asikie, na waliokwisha kushika njia wakageuka.

"Hezekia. Siku wewe utakapopiga yowe, mimi nitakuja. Uikubali sauti hii, usiikubali, nitakuja. Nitakuja na mishale yangu, na nitafika kabla ya hawa wote."